Aliyepokea Zamu

Pazia lile nililishona mwenyewe, kwa cherehani yangu, nikalipiga pindo mara mbili ili lisichakae upesi. Kitambaa nilikinunua Thika, katika duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye amekuwa akiuza vitambaa tangu mama yangu akiwa msichana. Alipokuwa akinipimia aliniuliza, "Mama, hii ni ya dirisha gani kubwa hivi?" Nikamwambia si ya dirisha, ni ya ukuta. Alicheka, nami nikacheka. Ukiolewa na polisi unajifunza kucheka mapema, kabla jambo lenyewe halijaanza kukuliza.

Tulikuwa tumepewa nyumba katika kambi moja ya polisi pembeni mwa Ruiru. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na hicho kimoja tuligawiwa pamoja na afisa mwingine. Mlango wa mbele ulikuwa wetu, wa nyuma ulikuwa wake. Jirani yetu huyo alikuwa kijana ambaye hajaoa, mwembamba, mwenye sauti nyembamba vilevile, na adabu nyingi hata alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kujigeuza kitandani, ili tujue kwamba yuko macho. Watoto tuliwapeleka kwa mama yangu Gatanga, maana nyumba ya pazia si ya kulelea watoto.

Yeye na mume wangu walipangwa zamu pamoja, zamu ya usiku. Waliondoka pamoja jioni na kurudi pamoja asubuhi, na kabla ya kulala, kila mmoja upande wake, walimalizia habari za kazi kupitia pazia. Mimi nilikuwa napiga cherehani katikati ya maneno yao kana kwamba sipo. Wakati ule ilinikera. Nilijiambia kwamba nimeolewa na wanaume wawili, na mmoja tu ndiye anayeleta sukari.

Kisha kijana akaenda likizo na hakurudi. Baadaye tulisikia yuko Qatar, analinda duka kubwa lenye baridi ndani hata mchana wa jua kali. Sikumlaumu. Kambi yetu wakati ule ilikuwa imetoboka kama sweta iliyoliwa na nondo: huyu ameacha kazi akafungua kinyozi Githurai, yule amehamishwa mpakani, mwingine mgonjwa hospitalini, mwingine hatukuambiwa yuko wapi. Nyumba zao zilibaki na mapazia dirishani, na upepo ukivuma ungedhani kuna mtu anachungulia.

Lakini kwenye makaratasi, jirani yetu hakuwa ameondoka. Kesi yake ya utoro ilikuwa imekwama kwa wakubwa, na mpaka iishe alihesabiwa kuwa afisa wa pale. Kwa hiyo pengo lake halikuwa pengo. Hakuletwa mtu badala yake, kitanda chake hakikuondolewa, koti lake la mvua lilibaki limening'inia kwenye msumari, na kwenye ubao wa zamu jina lake liliendelea kuandikwa karibu na la mume wangu. Doria ilikuwa ya watu wawili, na mtu aliyetoka nje kwenda kwenye giza alikuwa mmoja.

Mume wangu si mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililokuwa likiniogopesha. Nilimwambia aache kazi. Nilimwambia tutapanga chumba Kiganjo, mimi nishone sare za shule, yeye atafute lolote.

"Na nikitoka, nani atashika?" akaniuliza.

"Si serikali iandike wengine! Wewe ndio serikali?"

"Tuko wachache, mama watoto. Siwezi kuacha zamu bila mtu wa kupokea."

"Kwani mko wangapi?"

"Mimi na yeye," akasema, akaendelea kula ugali wake.

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni nikingoja acheke, lakini alichovya tonge kwenye mchuzi na kutafuna polepole, kama mtu aliyejibu swali la kawaida.

Baada ya hapo nilianza kusikia. Asubuhi hurudi, huvua viatu, huketi ukingoni mwa kitanda chetu akilitazama pazia, na huanza kuripoti kwa sauti ya chini ya kikazi. Tulianzia sokoni, tukazunguka hadi kwenye daraja, hali ilikuwa shwari. Tulikuta gari limepinduka barabarani. Tulimtoa dereva. Kila mara ni tulifanya, tulikwenda, tuliona. Akimaliza husema, "Nakabidhi," kisha hungoja. Mabati huanza kulia kwa joto la jua, ta, ta, naye huinamisha kichwa kidogo kama anayesikiliza jibu. Halafu hulala.

Nikimwuliza mchana anaongea na nani, husema hakuongea.

Vikombe vyangu navyo vilianza kupotea. Nilikuwa na vikombe vya bati vyenye maua mekundu, zawadi ya harusi, na nilimlaumu mke wa sajini aliyekaa nyumba ya tatu, mwanamke mwema ambaye kosa lake kubwa ni kuazima chumvi. Aliapa hajaviona. "Haki ya Mungu, ata uingie uangalie! Mimi niibe kikombe ya nini, na yangu imejaa?" Tulinuniana mpaka watu wakajua.

Ni siku hizo ambapo mgeni mkubwa alikuja kutoka Nairobi. Waliweka hema uwanjani, tukapewa soda, na yeye akasema kwa upole kwamba maafisa wanaoondoka ni wengi kuliko wanaoandikwa, na kwamba safari hii wameamua kuwasikiliza wake. Tufanye nini ili wasiondoke? Wenzangu walisema vizuri kabisa. Mmoja akataja nyumba, mwingine maji, mke wa sajini akataka wanaume wapewe hata siku moja ya kulala kama binadamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mgeni aliipokea mizigo yetu yote bila kutoa jasho. Kisha akaniona nimenyamaza.

"Na wewe mama, una maoni?"

"Mimi nataka tu mhesabu watu vizuri," nikasema. "Bwana yangu anafanya patrol na mtu ako Qatar."

Watu walicheka sana. Mgeni naye alicheka, na mkuu wa kituo alicheka huku akinitazama kwa macho ambayo hayakuwa yakicheka. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya hema. Tulipofika nyumbani alifunga mlango.

"Unataka wanichukulie mwenzangu?" akaniuliza.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na haikutoka. Niliogopa kugusa pazia ambalo nililishona kwa mikono yangu. Nikiwa peke yangu nilishona nikiwa nimelipa mgongo, kisha nikaona afadhali nilielekee. Wakati mwingine, cherehani ikinyamaza, nilihisi kuna mtu upande wa pili aliyekuwa akisubiri ninyamaze ndipo akohoe. Na nitasema ukweli wote: pamoja na hofu nilikuwa na wivu. Huyo wa nyuma ya pazia aliambiwa mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Aliambiwa kuhusu mtoto aliyetolewa mtoni, na jinsi mume wangu alivyomfunika kwa shati lake mwenyewe. Mimi niliambiwa tu kwamba shati limepotea.

Asubuhi moja nilijipa moyo. Nilisema mimi ni mwanamke mzima, siwezi kuogopa kitambaa ambacho najua bei yake. Nilizunguka nje, nikafungua mlango wa nyuma, nikaingia upande wa kijana.

Kulikuwa na harufu ya vumbi na mpira wa koti. Na pale sakafuni, kando ya kitanda, nikaviona vikombe vyangu vyenye maua mekundu, vimepangwa kwa mstari, kila kimoja kimejaa chai hadi juu. Vingine vilikuwa vimeota ukungu, vingine vilikuwa na utando wa maziwa tu. Cha mwisho kilikuwa cha jana. Mume wangu alikuwa akimpelekea mwenzake chai kila siku, na kila siku alikuwa anaona kwamba haijanywewa, na bado anapeleka.

Nilikaa juu ya kile kitanda nikalia kimyakimya. Nilikuwa bado nimekaa hapo nilipousikia mlango wa mbele.

Alikuwa amerudi mapema. Nilisikia viatu vikivuliwa. Nilitaka kukohoa, nikakumbuka nani alikuwa akikohoa pale, nikaziba mdomo. Akaketi. Sikuwa nimewahi kulisikia pazia kutoka upande ule, na sauti yake ilinijia moja kwa moja usoni, kama ananiambia mimi.

"Afande, tulitoka. Hali si shwari," akasema. Akapumua kwa muda mrefu. "Nimechoka, ndugu yangu. Sioni vizuri. Jana nilisimama kwenye daraja nikasahau njia ya kurudi. Nataka kukabidhi zamu yote, si ya leo tu. Mama watoto bado ni kijana, atapata riziki. Silaha moja, sikurudisha ghalani. Iko hapa na mimi. Risasi zimo."

Kisha akanyamaza, na mabati yakaanza kulia. Nikajua kwamba akimaliza kungoja, safari hii hatalala.

Sijui nilipata wapi nguvu. Ningetoka mbio, angeshtuka na chuma mkononi. Ningemwita kwa jina, angekumbuka kwamba mimi ni mzigo wa kuachwa nyuma. Aliyekuwa akiongea naye ndiye pekee aliyeweza kumjibu. Nilikuwa nimewasikia wakikabidhiana kwa miezi mingi, maneno yao niliyajua kama sala. Nikakohoa kidogo.

"Nimekusikia," nikasema, kwa sauti nyembamba, ya chini. "Niko hapa. Toa risasi kwanza."

Hakuna kilichosogea.

"Toa risasi, afande. Kisha isukume huku."

Nikasikia chuma kikiachana na chuma. Kikagongwa, kikakaguliwa, jinsi walivyofunzwa. Halafu pindo la pazia likainuka, lile pindo langu la mara mbili, na mtutu ukachomoza chini yake, polepole, ukafuatwa na bunduki yote, mpaka ukagusa kikombe, na chai ikamwagika miguuni pangu. Zikafuata risasi ndani ya kasha lake. Mikono yangu ilipoishika bunduki ilikuwa na joto la mikono yake.

"Nakabidhi," akasema.

"Nimepokea. Umeruhusiwa kwenda nyumbani."

"Ndiyo, afande."

Nikasikia kitanda chetu kikilalamika, na baada ya muda mfupi sana, kukoroma. Nilitoa koti la mvua msumarini, nikaifunga bunduki ndani yake kama mtoto, nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenye jua, nikaenda hadi nyumba ya tatu. Mke wa sajini aliniona, akaona nilichokumbatia, akasahau kuninunia. "Wuui, ngai," akasema, akaniingiza ndani na kumwamsha mumewe. Sajini alichukua bunduki bila kuuliza neno. Siku hiyo hiyo alimpeleka mume wangu hospitalini, akasimama na daktari, na baadaye akasimama na wakubwa. Namwombea hadi leo.

Ilichukua muda mrefu, lakini mume wangu aliruhusiwa kuacha kazi kwa ugonjwa. Wakubwa walisema ni hasara, afisa mwenye uzoefu kama huo, wakati wa upungufu kama huu. Nilitaka kuwajibu, lakini jibu nililokuwa nalo lilikuwa la matusi, nikalimeza.

Sasa tunakaa Kiganjo, vyumba viwili vya mawe, na watoto wamerudi kwetu. Mimi nashona, yeye anafuga kuku na anawajua mmoja mmoja kwa tabia zao. Anacheka, ingawa si sana. Kuhusu ile asubuhi hatukuwahi kuzungumza. Daktari alisema asilazimishwe, na mimi, kusema kweli, sikutaka kujua anakumbuka nini. Kuna siku nilikuwa namtazama akiwapa kuku maji, najiuliza kama asubuhi ile alisikia sauti ya mkewe au ya yule mwingine.

Jumapili moja tulikuwa nje tukichambua mboga, watoto wakiwa kanisani. Akaniuliza ghafla, bila kuinua macho:

"Yule jamaa wa upande ule. Alirudi kazini kweli?"

Sukuma wiki ilikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kumwambia kwamba yule jamaa hakutoka Qatar, kwamba kambini kitanda chake bado kiko, na kwamba usiku huu mtu mwingine atatoka kwenda doria ya watu wawili akiwa peke yake.

"Alirudi," nikasema.

Aliinamisha kichwa kidogo, kama zamani alipokuwa akilisikiliza pazia.

"Basi ni sawa," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Sikuwaacha bila mtu."