Mfuko Niliokatazwa Kuuona

Jumatano, tarehe 6 Novemba. Mvua ilianza kabla ya kupambazuka, ikanyamaza kidogo wakati wa chai, kisha ikarudi na mawe madogo yaliyopiga mabati mpaka nisisikie redio. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai na hakuna aliyetoka kuchuma. Ndipo simu yangu ikalia, ikakata. Ikalia tena, ikakata.

Hiyo ndiyo alama tuliyopatana. Flashi moja ni salamu, flashi mbili ni uchungu.

Majina siandiki. Nimewawazia watu mambo mengi siku hizi na sina hakika kwamba nilikuwa na haki, kwa hivyo ni afadhali wakae bila majina. Aliyeniflash ni mwenzangu wa kliniki. Tulikutana Nyamira, kwenye benchi la nje, matumbo yetu yakiwa yameanza kututangulia mlangoni. Yeye ni wa upande wa ziwa. Mume wake alipata kazi ya umeme huku, naye anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaanga karibu na stendi. Hajui Ekegusii, mimi sijui Kijaluo, basi tukaongea Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha darasa la nane.

Siku hiyo sista alitoka nje akatuambia sisi sote tuliokaribia: msije kujifungua mikono mitupu. Beseni, pamba, leso, nguo za mtoto, shali ya kumfunika. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Mtoto wangu wa kwanza hakulia. Nguo zake nilikuwa nimezinunua mapema, nikazifua, nikazikunja ndani ya katoni, na zilirudi nyumbani zikiwa zimekunjwa vilevile. Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja, lazima niandike hivyo. Alisema mara moja tu, na kwa upole, kwamba mtoto ambaye hajaonekana hanunuliwi nguo na watu wa boma. Sijui kama naamini. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo nikipita penye nguo za watoto mkono wangu unakufa ganzi, hauwezi hata kushika soksi.

Nilimweleza huyu wa benchi, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Alisikiliza huku akijipepea na kitabu cha kliniki.

"Hiyo ni rahisi, nyaminwa," akasema. Nyaminwa kwao ni dada. "Mimi nitanunua za wako. Wewe ununue za wangu. Sasa nani amejinunulia?"

"Na zikae wapi?"

"Zako kwangu, zangu kwako. Na hakuna kuangalia. Ukiangalia tu, zimekuwa zako, tumeharibu."

"Hata kuuliza?"

"Hata kuuliza, yawa! Ukiuliza rangi utataka kuona."

Mama mmoja kwenye benchi akacheka, akasema sisi wawili tutaishia kwa chifu. Lakini tulifanya. Kila mmoja alinunua kidogo kidogo, na siku ya kujifungua kila mmoja angekuja hospitali na mfuko wa mwenzake na kukaa naye mpaka mwisho. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano.

Kwa muda mrefu yalikwenda vizuri. Kila baada ya kliniki tulipanda ule mlima wa kuelekea sokoni tumeshikana mikono, tukisimama kila mahali penye kivuli. Yeye alikuwa ameshazaa mara moja, mtoto yuko kwa bibi yake, basi alinionyesha jinsi ya kukanda mgongo kwa ngumi pale chini, pale maumivu yanapokaa. Mimi nilimpelekea ndizi za kupika. Kila siku aliniuliza, "Amecheza leo?" nami nilipenda kuulizwa. Hakuna mwingine aliyeuliza. Nyumbani waliogopa kuuliza.

Mfuko wangu, ule mkubwa wa mistari, ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake cha kupanga, umefunikwa na gunia. Kuangalia gunia hakukukatazwa. Nilikuwa nikifika pale naliangalia gunia kama mtu anayeangalia sufuria ya nyama ya wageni, halafu naongea mambo mengine.

Siku moja msumari ulikuwa mtupu.

Nilikunywa chai yake yote nikiangalia ule msumari. Aliniona naangalia. Akainuka akatundika taulo pale, akaanza kuniambia habari za bei ya omena. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza ni kama kuona. Sasa nafikiri kwamba sheria ya namna hiyo ni nzuri sana kwa mtu mwaminifu, na ni nzuri zaidi kwa mwizi.

Nilipoondoka alinifungia omena kwenye gazeti. "Chukua, zinaongeza damu, mtoto apate nguvu." Zamani ningefurahi. Siku hiyo nilijiuliza, huyu ananilipa nini? Nilifika nyumbani nikazitundika jikoni, na hapo zikakaa.

Wiki hiyohiyo niliona shali ya njano. Wakati wa kuanza mchezo wetu, kabla sheria haijakaza, nilimwambia kwamba nikiwa na uwezo mtoto wangu atafunikwa kwa njano. Basi nikamwona mama mmoja amesimama kwenye meza ya samaki ya mwenzangu, mtoto mgongoni, shali ya njano, wanacheka wote wawili. Shali za njano ziko nyingi, sokoni zimerundikwa. Najua. Lakini nilirudi nyumbani bila kuwasalimia.

Mke wa shemeji yangu, ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, ndiye aliyemaliza kuniharibu kichwa. Nilikuwa nimetoka kupeleka majani senta, pale yanapopimwa.

"Yule wa samaki wako alikuwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa bomani. Jioni, ulipokuwa senta. Amebeba kitu chini ya leso, anatembea kama bata."

"Ana mimba, atatembea kama nani?"

"Mimi sijasema kitu." Akapukuchua mahindi yake kwenye gunzi, tra, tra. "Ni wewe unayefanya urafiki na watu wa ziwa, halafu unauliza watu wa boma."

Nilikimbia, kama hiyo yaweza kuitwa kukimbia, mpaka stoo. Mfuko wake, huo niliomnunulia mimi, ulikuwa juu ya magunia na fundo langu halijaguswa. Hakuja kuuchukua wake. Basi alikuja kufanya nini, akaondoka bila hata kuniflash? Na hapohapo mama mkwe naye akaanza kufunga chumba chake kwa kufuli. Tangu niolewe sikuwahi kuona mlango ule umefungwa. Nilifikiri labda ameniona nikichota sukari, maana siku hizi nachota. Nikawa natembea katika nyumba hii kama mgeni anayeshukiwa, na huku mimi ndiye ninayeshuku.

Kwa haki ya mwenzangu niseme hivi: hakuacha kuniuliza kama mtoto amecheza. Niliposema viatu vinanibana alinivulia yeye sandali zake za plastiki akarudi kwake pekupeku. Mtu anaweza kukupa sandali na bado akauza shali yako. Sijui. Nilikesha nikipima.

Kilichonitia hofu si nguo. Mtoto wa mtu atafunikwa hata kwa sketi ya mama yake. Hofu yangu ilikuwa kwamba nitaingia tena leba peke yangu, kama mara ile, nikimngoja mtu ambaye haji.

Basi leo flashi mbili zilipokuja, nilisimama stoo na mkono juu ya mfuko wake, na wazo lilinipitia kwamba nikae tu. Lilipita. Nilijifunika nailoni, nikapanda bodaboda, mfuko mapajani, mvua usoni. Dereva aliangalia tumbo langu akauliza, "Mama, ni wewe ama ni mwingine?" Nikamwambia ni mwingine, aendeshe polepole kwa niaba ya wote wawili.

Nilimkuta kwenye korido ya hospitali ameshika ukuta. Mume wake alikuwa amekwenda kwao mazishini. Aliponiona alianza kulia, halafu uchungu ukamchukua akasahau kulia. Nikaweka mfuko chini nikamkanda mgongo kwa ngumi, pale pale aliponionyesha.

"Chini. Chini kidogo. Ai, hapo! Usitoe."

"Sitoi."

"Ngumi yako ni kama ya mwanamume."

"Ni ya kuchuma majani."

Tulitembea korido ile, tukirudi, tukienda. Kila uchungu ulipomwachia nilikuwa na swali mdomoni. Msumari. Nilijiambia, mwanamke aliye kwenye uchungu haulizwi. Halafu nikajiambia, ni hapo tu ndipo asipoweza kudanganya. Nikanyamaza, lakini sura yangu haijui kunyamaza.

"Mbona unaniangalia hivyo?" akasema, jasho likimtoka. "Unaniangalia kama mtu ameiba kuku."

"Sikuangalii hivyo."

"Unaniangalia. Tangu juzi. Kama nimekukosea, nyaminwa, niulize kesho. Leo niko na kazi."

Hata yeye alicheka, kisha akauma leso yangu.

Sista alimwingiza ndani, akaniruhusu nikae kichwani pake kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Sitaandika yote. Alinishika kidole gumba akakipinda mpaka nikaona nyota. Wakati fulani alipiga kelele kwa lugha ya kwao, nami nikamjibu kwa Ekegusii, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Kisha mtoto akatoka, msichana. Pakawa na kimya kidogo, na kimya kile ninakijua. Nilifumba macho. Akalia.

"Vitu vya mtoto viko na nani?" sista akauliza.

"Viko na mimi."

Nilifungua fundo. Mwenzangu akainua kichwa kutazama kile alichokatazwa miezi hiyo yote: soksi, fulana, shali ya kijani. Halafu kofia. Sista alipomvalisha mtoto kofia ikashuka mpaka kidevuni.

"Ai! Kofia ya nani hii? Ya baba yake?"

"Niliogopa isije ikabana."

"Yawa, atavaa akienda sekondari!" Akacheka mpaka sista akamkemea. Kisha akanishika tena kile kidole kilichouma. "Sasa wewe usiogope. Vyako viko mahali. Vitafika hata nikiwa nimelala hapa."

"Mahali gani?"

"Umeuliza?"

"Hapana," nikasema.

Nilirudi nyumbani mvua ikiwa imekatika, barabara ikiwa matope matupu. Nilikuwa na furaha kwa ajili yake, hiyo ni kweli. Pia niliwaza kwamba maneno yale ni rahisi kusema. Viko mahali. Hata vilivyouzwa viko mahali.

Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua chinsaga, zile mboga chungu ambazo kwetu mama aliyejifungua lazima ale. Alikuwa na rundo kubwa kuliko la sisi peke yetu. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Amejifungua?"

"Msichana. Wako salama."

Akashusha pumzi. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Walimfunika nini?"

Nikashtuka. Tangu lini anauliza habari za nguo za watoto? Nikajibu, "Shali ya kijani."

"Kijani ni nzuri," akasema. "Wewe usiingie chumbani kwangu mpaka siku yako."

Nilimwangalia. Nikaangalia mlango wenye kufuli. Nikaketi juu ya kigoda.

"Mama. Alikuja hapa?"

"Alikuja. Akanisalimia bwakire buya, na ilikuwa jioni." Mdomo wake ulitaka kucheka. Bwakire buya ni salamu ya asubuhi. "Nikamwacha tu, alikuwa ameisomea njiani. Akasema, mama, tumbo langu litatangulia. Siku ya huyu ikifika mimi nitakuwa na mtoto mchanga kitandani. Nani atamletea? Nikamwambia, weka pale."

"Lakini ulisema watu wa boma wasi—"

"Nilisema wasinunue. Mimi nimenunua nini? Nimewekewa tu. Na yeye ni wa boma gani?" Akatikisa mboga maji yakaruka. "Mara ile nilibaki hapa na ng'ombe. Siku yako nitabeba mimi."

Niliwaza kwamba wamenificha wote wawili, tena kwa makubaliano, na kwamba wiki nzima niliwahesabia wizi na sukari. Niliwaza pia, siwezi kujizuia, kwamba labda ameshafungua akaona rangi. Nilitaka kumuuliza kama ni njano. Mtoto alicheza, teke moja chini ya ubavu. Sikuuliza.

Tulipika ugali wa wimbi na chinsaga iliyotiwa maziwa. Mama mkwe akatenga bakuli la kupelekwa hospitali kesho, akalifunika kwa sahani. Mimi nikaziteremsha zile omena kwenye gazeti lao, nikazikaanga na nyanya, tukala zote.