Ngazi za Steji Mpya

Baba alipostaafu kiwandani ilibidi aihame nyumba ya kampuni. Alikuwa ameishi katika kambi ya wafanyakazi wa chai tangu ujana wake, alipopanda huku kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi, na mimi nilizaliwa humo humo. Mama alikuwa ameshafariki. Baba akaja kwangu, kwenye ploti, jengo la kupangisha, nilikokaa ghorofa ya tatu, nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Sosiot.

Mwaka haukuisha akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto ikalegea. Kwa fimbo aliweza kutembea taratibu mahali tambarare, lakini ngazi zilimshinda kabisa. Siku ya kliniki, mimi na mlinzi wa ploti tulimteremsha tukimshika makwapani. Siku nyingine zote alikaa dirishani akiangalia mvua ikishuka juu ya majani chai. Nilitafuta nyumba ya chini. Huku vyumba vya chini ni maduka, na vichache nilivyopata vilikuwa na unyevu hadi kwenye godoro.

Wakati huo huo rafiki niliyesoma naye chuoni alinipigia simu kutoka Nairobi. Ofisi yao ilikuwa inachora vituo vya mabasi ya umeme na walitaka msanifu mmoja zaidi.

"Kuja na mzee," aliniambia.

Baba hakutaka kusikia. "Nairobi nitamjua nani? Nipeleke nyumbani ziwani, ama niache hapa."

Nyumbani ziwani alikuwepo baba mkubwa, kaka yake, peke yake, naye nilimwona mzee mno kumtunza mgonjwa. Nikamwambia rafiki yangu angoje kidogo. Nilijua hataweza kungoja sana.

Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya wasanifu mjini, na kazi iliyokuwa mezani kwangu ilikuwa steji mpya, kituo cha matatu. Magari ya Sosiot, ya Sigowet na ya huko Bomet yalikuwa yakisimama ovyo katikati ya mji, kila mtu akimpigia mwenzake honi. Mteja, serikali ya kaunti, alitaka yote yakutane mahali pamoja, kando ya barabara kuu. Niliipenda kazi ile. Nilichora paa refu, maana huku alasiri haipiti bila mvua. Nikatenga mahali pa baiskeli na pa bodaboda za umeme kuchajiwa. Lakini kitu nilichokijali zaidi kilikuwa kivukio: kipana, kilichoinuliwa kama tuta ili magari yapunguze mwendo, na mtu ashuke garini atembee moja kwa moja hadi hospitali na soko ng'ambo ya barabara.

Mteja hakukitaka. Alisema magari yatachelewa. Alitaka daraja la kupita juu, na uzio wa chuma katikati ya barabara ili mtu asikatize. Nikachora daraja lenye njia ya mteremko. Bei ilipozidi, mteremko ukaondolewa, zikabaki ngazi.

"Wagonjwa watapanda vipi?" nilimuuliza mkubwa wangu.

"Sikia, madam," alisema. "Hata mimi nimeongea nao wakakataa. Sisi tunachora kile mteja anataka. Kama hii imekushinda, kuna wengi huko nje wanatafuta kazi."

Alikuwa mtu mpole, hakuongea kwa hasira. Nikafikiria kodi na dawa za baba, nikarudi kwenye meza yangu.

Steji ikafunguliwa. Tangu siku hiyo matatu haikuruhusiwa kumshusha mtu kwenye geti la hospitali kama zamani. Kliniki iliyofuata tulishuka pale mimi na baba, tukaenda hadi mwanzo wa daraja. Aliinua uso akaangalia ngazi zote hadi juu, kisha akageuka akaangalia kile chuma barabarani. Hospitali ilikuwa pale pale mbele yetu. Tungeweza kumwita mlinzi wa geti akatusikia.

"Hii ndiyo umekuwa ukichora?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa mimi napita wapi?"

Mwenye bodaboda alijitolea kutuzungusha kule mbele chuma kinapoishia, lakini baba hangeweza kukaa juu ya pikipiki. Mvua ikaanza. Tukarudi chini ya paa, tukakaa kwenye benchi tukisubiri teksi.

Karibu yetu alikaa mama mmoja aliyeuza nguo za watoto, Mkikuyu aliyefanya biashara mjini miaka mingi. Duka lake lilikuwa ng'ambo. Alikuwa ameanza kubeba mzigo kuja kuuzia huku, kwa sababu wateja hawakuwa wakivuka.

"Wateja wangu ni wamama kama mimi, magoti imeisha," alisema. "Nani alichora hii kitu, jamani?"

Baba alinitazama, kisha akamgeukia yule mama.

"Hatumjui," alisema.

Teksi ilipopatikana na kutuzungusha, daktari alikuwa ameondoka. Tulirudi nyumbani.

Wiki hiyo nilichapisha ule mchoro wangu wa kwanza, wenye kivukio, nikampelekea mama wa nguo dukani kwake. Nilimweleza kila kitu.

"Kumbe ni wewe. Na mzee ni babako?"

"Ndiyo."

"Sasa hii tutaenda nayo."

Walienda na mchoro kwenye ofisi za kaunti, yeye na wenye maduka wenzake, na waliporudishwa walienda tena. Mkubwa wangu alijua mchoro umetoka wapi. Hakunifukuza, ila kwa miezi mingi hakunipa kazi yoyote ya maana.

Mwishowe chuma kilikatwa na kivukio kikajengwa. Ni chembamba kuliko nilivyochora, lakini mtu anapita bila kupanda.

Baba hakukiona; alikuwa ameshaondoka. "Nimechoka kubebwa kama gunia," aliniambia asubuhi moja, na safari hii sikubishana naye. Nilimpeleka ziwani kwa kaka yake, kwenye nyumba isiyo na ngazi hata moja. Siku hizi anatembea hadi kwa jirani na kurudi. Akinipigia simu hunisimulia habari za mbuzi.

Nilipompigia rafiki yangu wa Nairobi, nafasi ile ilikuwa imeshachukuliwa. Sasa ninachora vyoo vya soko la Boito. Juzi mkubwa aliniuliza kama nina mpango wa kuhamia ofisi nyingine. Nilimwambia sijui, nikaendelea na kazi.