Mtafsiri wa Banda la Video

Mdogo wangu wa kiume alivunjwa taya kwa kiti cha chuma kwenye sherehe ya uchumba, biriani likiwa bado linapakuliwa. Ukumbi ulikuwa Scarborough, hapa Kanada, katikati ya duka la vitambaa na kliniki ya meno, na kiti chenyewe ni kile cha kukunja ambacho kila ukumbi wa jiji hili unacho. Aliyempiga si mtu baki. Ni mtoto wa mama mdogo. Mama yake na mama yetu ni tumbo moja, na tulikula naye sinia moja kule Tanga mpaka wao wakaota ndevu na mimi nikaota ulimi.

Mama mdogo alifariki Tanga mwaka juzi. Mama yetu hakwenda kumzika, maana makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yamekaliwa na serikali, na angetoka Kanada asingerudi. Huyu mtoto wa mama mdogo, anayeishi Agincourt, jiji hilihili, alipanda ndege siku ileile. Aliporudi hakutupigia simu, na sisi kwa kiburi chetu hatukumpigia. Basi kwenye sherehe ile akaja mpaka meza ya mama, sahani mkononi, akasema kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia:

"Mimi nilishuka kaburini, nikampokea mama yangu kwa mikono hii. Dada yake alikuwa wapi? Alikuwa Kanada anakula."

Mdogo wangu akamzaba kofi. Sahani ikaruka, wakashikana mashati, wakaangukia meza ya keki, nikaona damu kwenye krimu. Mimi mwenyewe nilivua kiatu nikamtwanga nacho mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani. Halafu kiti kikapanda juu ya vichwa vya watu, kikashuka, na nikasikia taya likilia kama muwa unavunjwa. Mdogo wangu alitema meno mawili kwenye kiganja chake, akayatazama, akayatia mfukoni.

Hospitali walimfunga mdomo kwa waya. Polisi walipomuuliza, aliandika kwenye simu yake kwamba ameanguka. Nilijua maana yake. Alitaka kuimaliza kesi hiyo mwenyewe.

Tunaishi Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na mbili, mama, mdogo wangu na mimi. Wiki zile mdogo wangu alikuwa wa kochi tu, akinywa supu kwa mrija na kutazama sinema moja ya Kihindi asubuhi na jioni. Tuliijua tangu utotoni, tuliiona kwenye banda la video karibu na kwetu. Ni ya koo mbili za nchi ya vumbi jekundu. Baba wa kijana anakatwakatwa kwa mundu siku ya harusi yake mwenyewe, mama akiwa na mimba, na maiti inaburutwa nyuma ya gari mpaka hakuna cha kuzika. Kijana anazaliwa, anakua, anaota mabega, halafu anaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Huyu anapigwa ngumi anapasua ukuta, yule anakatwa mkono na mkono bado umeshika panga. Damu inarukia mpaka kwenye kioo cha kamera.

Banda lile lilikuwa na mtafsiri, kama mabanda yote. Mtu anakaa na kipaza sauti, anaizima sauti ya Wahindi na kuwasemea wote yeye peke yake, wanaume, wanawake na watoto. Wa kwetu alikuwa bingwa. Adui akikimbia, alimkimbizia Handeni. Mkanda wenye sauti yake ulikuja kuingizwa mtandaoni, na huo ndio mdogo wangu aliokuwa akiutazama. Kuna mahali mama wa kijana anamshika mwanawe mashavu, analia, anasema jambo. Mtafsiri alimsemea hivi: "Mwanangu, ukirudi na mikono safi, usigonge mlango wangu." Banda zima lilikuwa linapiga kelele hapo. Watoto wa Tanga waliopigana kwa sababu ya maneno hayo hawana idadi.

Sasa mama yetu alikuwa anayajua kwa moyo. Alikuwa anamshikia mdogo wangu kikombe cha supu, anamtazama ule mdomo wa waya, na kuyasema polepole pamoja na mtafsiri. Nilimwambia, "Mama, huyo ni mtoto wa dada yako." Akanijibu, "Dada yangu amekufa." Nilitaka kupiga mtu, ila kwenye nyumba ile hapakuwa na wa kupiga asiyekuwa ameshaumia.

Jumapili moja nilikuta gongo la besiboli nyuma ya mlango. Mdogo wangu aliniandikia kwenye simu bila haya: wenzake wawili wangempitia kwa gari baada ya alasiri, waende Agincourt. Mama aliliona gongo, akalipita akaenda kutawadha.

Tulikuwa hivyo wakati jirani yetu wa mlango wa mbele alipoingia na sufuria ya supu ya dengu, ile yao ya ukwaju. Ni mama wa makamo kutoka kusini ya India, na tangu taya livunjike alikuwa analeta supu bila kuuliza taya lilivunjikaje. Akaona tivii, akapiga makofi.

"Hii naijua!" alisema kwa Kiingereza. "Lakini kwa nini wanaongea Kiswahili?"

Nikamweleza habari za mtafsiri wetu, nikamwambia sinema za Kihindi tulizijua zote kwa njia hiyo. Akacheka, akanisahihisha kwamba hii si Kihindi, ni Kitelugu, lugha ya kwao. Akajiketisha kwenye kochi. Panga likapasua bega la mtu, naye akaendelea kukoroga supu yake. Mama wa kwenye sinema akatokea, akamshika mwanawe mashavu, na mama yetu akaanza kumsindikiza mtafsiri kwa midomo kama kawaida.

"Anasema nini huyo bwana wenu?" jirani akauliza.

Nikamtafsiria. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana mama yake.

"Hasemi hivyo hata kidogo! Anamkataza asiende. Anasema: uso wa baba yako sikuachiwa niuone. Kaa hapa niuone wako."

"Na kijana?"

"Hamsikii. Anakwenda. Kwani unadhani mwishoni mama analia kwa sababu ya nini?"

Sisi tulidhani analia kwa furaha. Miaka yote hiyo.

Mama yetu, asiyejua Kiingereza, alikuwa ananivuta mkono. "Anasema nini? Nawe sema!" Nikamwambia, neno kwa neno. Pale pale simu ya mdogo wangu ikaita, nikampokelea kwa spika maana mwenyewe hawezi kuzungumza: "Bro, tuko down, kwenye gari."

Mdogo wangu akainuka, akachukua gongo. Mama akamfuata mpaka mlangoni na kumwambia akae. Hakukaa. Mama akamzaba kibao cha shavu, upande uleule wa waya. Nilisikia mlio wa koo lake, maana mdomo haukuweza kufunguka apige ukelele, na damu ikachuruzika katikati ya meno mpaka kwenye shati. Jirani akasimama na mwiko wake. Mama alikuwa amemshika mwanawe mashavu, anamtazama.

"Nipigie yule mtoto wa dada yangu," akaniambia bila kugeuka.

Nikapiga, nikaweka spika. Aliitikia haraka, kwa ukali, kama mtu aliyekuwa anangoja matusi. Mama hakumsalimu.

"Wewe ulishuka kaburini," alisema. "Sikukuuliza siku ile. Nakuuliza leo. Uso wa mdogo wangu ulikuwaje? Alikuwa amekonda? Alikuwa kama amelala?"

Tulisikia maji yanatiririka kwake, labda alikuwa anaosha vyombo, kisha bomba likafungwa.

"Mwanangu, nijibu."

"Sijui, mama mkubwa," akasema, na sauti yake haikuwa tena ile ya ukumbini. "Ndege ilichelewa. Hawakunisubiri. Nilikuta wameshamzika, udongo umeshamwagiwa maji. Sikumuona na mimi."

Mama aliteleza na mlango mpaka akakaa chini. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba kile ambacho hakukilia mwaka juzi, na kule upande wa pili wa simu mtoto wa mama mdogo naye akaanza kulia. Jirani akaniuliza kwa macho, sikuweza kumtafsiria.

"Njoo," mama akamwambia hatimaye. "Njoo hapa niuone wako."

Mdogo wangu alipangusa damu kidevuni kwa mkono wa shati. Kisha akaliweka gongo sakafuni, akalisukumia chini ya kochi kwa mguu, akakaa chini kando ya mama, na tukawasikia wale wenzake wakipiga honi mpaka walipochoka.