Disketi za Papa Godefroid

Papa Godefroid wa mtaa wa Hewa Bora hutunga nyimbo za kwaya ya parokia, na ubishi amezaliwa nao. Nyimbo zake zote zimo kwenye disketi, kila wimbo na disketi yake, makatoni kwa makatoni hadi chini ya kitanda. Mkewe Marceline anasema kulala juu ya sifa za Mungu hakujawahi kumponya mgongo.

Binti yao Falonne kila akija huanza upya.

"Papa, flashi moja tu inabeba nyimbo zako zote na za parokia nzima. Na disketi leo, ukiipata, iko na bei kushinda flashi!"

"Flashi ikipotea, nyimbo zote zinakufa. Disketi ikipotea, inakufa wimbo moja tu. Na ile CD ulinipa? Mama yako aliitundika mu mashamba kufukuza ba ndege."

"Ilikuwa inakwama," Marceline akajitetea. "Walau ndege banaiogopa."

Ukweli ni kwamba mzee alikuwa na hofu moja. Kompyuta yake nene, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, ndiyo pekee mtaani iliyobaki na mdomo wa kumeza disketi. Ikitoweka, kazi ya maisha yake imekwenda na maji.

Jumapili moja walirudi kutoka misa wakakuta mlango umevunjwa. Televisheni hakuna. Redio hakuna. Hata sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa imeondoka na kifuniko chake. Kompyuta nayo haikuwepo. Disketi hazikuguswa hata moja. Papa Godefroid akaketi sakafuni, akalia bila haya.

Falonne akatoka kuuliza majirani, lakini hakufika mbali. Kompyuta ilikuwa kando ya mtaro, karibu na lango, imekaa wima na kitambaa chake juu.

"Papa, furahi! Ba mwizi baliiacha!"

Wakaiingiza ndani, wakaiwasha, ikanguruma. Mzee akacheka, akapiga makofi. Kisha kicheko kikamkauka.

"Ile redio ya kufungwa na kamba, balibeba?"

"Balibeba, Papa."

"Na sufuria?"

"Na sombe yake."

Akairudishia kompyuta kitambaa chake, ameumia moyo kuliko alipodhani imeibiwa.

"Falonne, mutoto wangu," akasema, "lete ile flashi. Ikuwe muzuri, ya kung'aa. Minataka nyimbo zangu zikae mu kintu chenye mwizi anaweza kutamani."