Kilima cha Kwao Mama Mkwe

Kwa miezi ya mwanzo mama mkwe wangu hakuona maana ya kamera yangu. Ilikuwa ndogo, inaingia kwenye mkoba ninaoendea kanisani, na bado unaweza kuchomoa lenzi ukachomeka nyingine. Niliitamani tangu nilipoanza kazi ya uuguzi hapa Nyakahanga. Siku ambayo sikuwa na zamu nilipanda bodaboda nikaenda popote penye mwinuko: Bweranyange kwenye ukungu, au ile barabara nyekundu inayopanda katikati ya migomba. Nikirudi nilimwonyesha.

"Watu wako wapi?" aliniuliza.

"Hakuna watu, Mama. Ni milima."

"Milima haiolewi wala haibatizwi. Unaipigia picha ya nini?"

Nilicheka, nikaenda kumenya ndizi. Alikuwa amevunjika nyonga baada ya kuteleza kibanjani, kwenye migomba yake mwenyewe, na tangu hapo alishinda barazani na fimbo yake. Mtu aliyezoea kuamka na jembe, sasa alihesabu pikipiki zinazopita.

Alasiri moja, bila mimi kumwonyesha chochote, akaniambia, "Hicho kidude chako, kinaweza kwenda Songambele?"

Songambele ndiko alikozaliwa. Hakuwa amerudi tangu alipomzika mama yake, na sasa asingeweza kukaa kwenye bodaboda.

"Nataka kukiona kilima cha kwetu," alisema. "Kimekaa kama ng'ombe aliyelala. Begani kina miti mitatu."

Sikungoja. Jumamosi hiyo nilikwenda, nikafika jua la saa sita likiwa utosini, nikaona kilima chenye miti, nikapiga picha kama arobaini. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye kope, nina furaha yangu. Mama mkwe akaikodolea macho kamera, kisha akanirudishia.

"Umempiga picha jirani," alisema. "Chetu kiko nyuma yake. Ulisimama wapi?"

"Barabarani, Mama."

"Barabarani hukioni. Uvuke kijito, upande mpaka bonde lote likufungukie. Na uende alfajiri. Mchana kilima kimelala, hakina sura."

Nilimtazama. Nilikuwa nimetumia wiki nyingi kujifunza jambo hilohilo, kwamba jua la utosini husawazisha kila kitu kikawa bapa kama ukuta. Yeye alilijua kwa kuchota maji alfajiri utotoni.

Safari ya pili nililala hukohuko Songambele, kwa mdogo wake wa kiume, mjomba wa mume wangu. Kabla jua halijatoka alinitangulia, amevaa koti na mabuti, tukavuka kijito, tukapanda kwenye umande uliolowesha sketi yangu mpaka magotini. Tulipofika juu nikasahau kumshukuru. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu, umetulia kama maziwa kwenye kibuyu, na migongo ya vilima tu ndiyo imejitokeza. Mbele yetu ng'ombe amelala. Mbali zaidi vilionekana vilima vya Rwanda, vya bluu.

Picha ya kwanza iliharibika. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na ule ukungu ulitoka wa kijivu kama maji yaliyooshewa vyombo. Nikazungusha kigurudumu cha kuongeza mwanga, mara mbili, na kwenye kioo ukungu ukawaka. Kisha jua likachungulia kutoka ubavuni, na kila mkunjo wa kilima ukapata kivuli chake. Nilipiga nimesimama, nikapiga nimelala kifudifudi, nikabadilisha lenzi. Betri ikaisha, nikatoa nyingine niliyoiweka mfukoni isipate baridi.

Mjomba akaomba naye achungulie. Nilimwekea lenzi ndefu. Alihamisha kamera polepole kuelekea chini, ukungu ulikoanza kupasuka, akaisimamisha hapo.

"Unaona nini, Mjomba?"

"Mbuzi wangu," alisema. "Wamo kwenye maharage ya watu."

Akanipa kamera, akateremka mbio, mabuti yakipiga kelele. Nilibaki peke yangu nacheka, nikaendelea kupiga mpaka ukungu ulipokwisha.

Nilipofika nyumbani sikubadilisha hata nguo. Nilimwamkia mama mkwe, nikamwekea kamera mapajani. Alitazama muda mrefu. Akaniomba nikuze, nikakuza, akafuata kwa ukucha mstari mwembamba uliokuwa ubavuni mwa kilima.

"Njia ya kisimani," alisema. Kidole kikapanda begani, kikasimama. "Miti miwili. Mmoja wameukata."

Alifuta kioo kwa pindo la kanga yake, akatazama tena.

"Ndicho," alisema.

Baada ya hapo hakunyamaza. Alinionyesha nyumba yao ilipokuwa, na mteremko ambao yeye na dada zake walikuwa wakirudi kuchota maji wanatua mitungi, wanakalia magome ya mgomba na kuserereka mpaka chini, kisha wanapanda tena kuifuata mitungi na kupigwa kwa kuchelewa. Aliongea Kiswahili, akahamia Kinyambo cha kwao, nami Mhaya wa Muleba, ambaye lugha yetu iko karibu na yao, nikafuata vizuri tu. Ndizi zilipoa kwenye sufuria. Mume wangu aliingia kutoka kazini akatukuta vichwa vimegusana juu ya kamera.

"Mama, wewe uliserereka?" aliuliza.

"Na dada zako hawakunifikia," alimjibu, kisha akagundua amekosea. "Dada zangu. Usinichanganye, kaa chini uone."

Mume wangu akakaa sakafuni, hata mabuti ya kazini hajavua. Wiki hiyohiyo niliipeleka picha Kayanga ikachapishwe kubwa. Mama mkwe mwenyewe alichagua ukuta, ule unaotazamana na kiti chake, akaelekeza kwa fimbo mpaka msumari ulipokaa sawa.