Dole Gumba la Fundi Baridi

Fundi Baridi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: adabu. Ukimsalimia, lazima aitikie, hata kama kalala chini ya friji na bisibisi mdomoni. Ilipokuja mitindo ya makundi ya simu, adabu yake ikapata uwanja mpana. Wateja walimwingiza kwenye makundi yao bila kumuuliza, naye hakutoka hata kundi moja, kwa sababu simu humtangaza anayetoka, na kumkimbia mwenyeji aliyekukaribisha ni ufedhuli. Kusoma, hakusoma. Ujumbe wa sauti ndio kabisa, maana unakula bando. Alichofanya ni kupitisha kidole kila asubuhi akinywa chai, akibandika dole gumba chini ya kila kitu, misiba kwa matangazo ya viwanja, ili watu wasijione wanaongea na ukuta.

“Ipo siku utalipongeza jeneza,” mkewe alimwambia.

“Bora hilo kuliko kumnyamazia mtu,” alijibu.

Mmoja wa wateja hao alikuwa mwenye bucha wa mtaa wa pili, mtu mcheshi aliyemwita “fundi wangu” na ambaye jokofu lake la nyama lilikuwa halipiti mwezi bila kuugua. Alimtia kwenye kundi la majirani. Baadaye kundi likabadilishwa jina, likabadilishwa tena. Majirani wenye akili zao wakachomoka mmoja mmoja, Fundi Baridi akabaki na wageni asiowajua, akiwagawia madole kama kawaida. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini ya huyu yalikuwa yameganda kwenye kompresa za watu.

Jumatano moja polisi walimchukua mwenye bucha, aproni ikiwa bado mwilini. Redio ikasema anashtakiwa kwa kuwa mwanachama wa kikundi cha kigaidi kilichopigwa marufuku, na kwamba waliokuwa naye kwenye kundi la simu watahojiwa wote.

“Samaki mmoja akioza, wote wameoza,” kinyozi wa jirani alisema, akikung’uta kitambaa chake.

Fundi Baridi alijaribu kucheka. Kesho yake akaitwa.

Mpelelezi alimwekea simu mezani. Chini ya kila ujumbe wa mwenye bucha palikuwa na dole, na mara nyingi lilikuwa la kwanza.

“Sikuwa nasikiliza, afande. Ilikuwa heshima tu.”

“Mzee, humu hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikiliza,” mpelelezi alisema bila ukali. “Utakuja kuyasema mahakamani. Mwendesha mashtaka atakusikia, kisha ataamua kama wewe ni shahidi au ni mwenzake.”

Kuanzia hapo Fundi Baridi aliishi roho mkononi. Mlango wa gari ukigongwa barabarani, anachungulia dirishani. Alijichoma mkono kwa moto wa kulehemu, jambo ambalo hata wanagenzi hawalifanyi. Wateja nao wakapungua. Friji ikiharibika waliona afadhali maziwa yamwagwe kuliko kuonekana wanamwita. Siku moja kiwewe kilimpanda, akajitoa kwenye makundi yote kwa mpigo, likiwemo la ukweni. Haikupita saa, mama mkwe akapiga.

“Mkwe wangu, nimekukosea nini?”

“Hujanikosea, mama. Naogopa tu.”

“Unaniogopa mimi?”

Mkewe alimpokonya simu akaeleza. Alipomaliza alikaa karibu na mumewe kitandani. “Kaseme kweli,” akamwambia. “Ni kweli ya kijinga, lakini ndiyo uliyo nayo.”

Siku ya kesi walimsindikiza mkewe na binti yao, aliyekuwa na mtoto mchanga begani. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na feni ya darini ilikuwa imekufa. Fundi Baridi alipanda kizimba cha mashahidi akajishikilia mbao. Mwenye bucha alimtazama kutoka upande wa pili kama anamngojea amtengenezee kitu.

Mwendesha mashtaka, mwanamke mwenye miwani, hakumuuliza mengi. Alimwomba hakimu ruhusa ya kuisikilizisha mahakama ujumbe mmoja wa sauti, uliotumwa Jumatatu, siku mbili kabla ya mshtakiwa kukamatwa.

Ikatoka ile sauti ya kicheshi ya mwenye bucha. “Alhamisi asubuhi, foleni ya kliniki ya watoto. Kina mama huja mapema, wanajaa mpaka nje. Pale hatukosi.”

Fundi Baridi aligeuka akamtafuta binti yake kwa macho. Kliniki anaijua, friji ya chanjo ya pale hutengeneza yeye.

“Dole hili chini yake ni la nani?”

“Langu.”

“Ulikubaliana na nini?”

“Sikukubaliana na kitu, mheshimiwa. Nilidhani ni salamu.”

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Mwendesha mashtaka akavua miwani.

“Mheshimiwa hakimu, huyu tunamwamini. Hatuna nia ya kumshtaki.”

Nje, kwenye ngazi, mkewe alilia waziwazi. “Umepona, mume wangu. Yamekwisha.” Naye alijua ameponea chupuchupu, alipaswa kufurahi, lakini foleni ya kliniki haikumtoka kichwani. Jela haikumtisha tena. Akamgeukia binti, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu.

Binti hakumpa.

“Baba, Alhamisi ile tulikuwa pale. Tulipanga foleni tangu alfajiri.”

“Najua, mwanangu.”

“Ungebonyeza tu usikilize.”

Maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu bila jibu, hata kwa dole.

“Polisi waliwahi,” alisema.

“Waliwahi wao,” binti akasema. Akamhamishia mtoto bega la pili, akatangulia kushuka ngazi na mama yake.