Bamba Alilolifunga Ndaki

Fremu ya lori la Fuso ililetwa nyumbani kwa Ndaki, Nyahanga mjini Kahama, siku tisa baada ya mazishi ya shemeji yake Amosi. Waliishusha kutoka kwenye trela la trekta, wakailaza juu ya magogo karibu na jiko la nje. Yasini, mwenye gari, alisema wapo mafundi wengine kama Ndaki hataweza.

"Iache hapa," Ndaki alimjibu. "Nitaifungua mwenyewe."

Amosi, mdogo wa mkewe Vumilia, alikuwa ameendesha gari hilo miaka minne, akibeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya Rwamgasa kwenda kwenye mialo, yaani mahali pa kuyasaga. Siku ya ajali alikuwa anateremka kilima na mzigo. Upande mmoja wa fremu ulikatika, gari likalala na kupinduka. Alikufa yeye na mchimbaji mmoja aliyekaa juu ya viroba. Ripoti ya polisi iliandikwa kwamba dereva alikuwa mwendo kasi. Tangu hapo ndugu wa yule mchimbaji walikuwa hawamsalimii Aneth, mjane wa Amosi, hata wakikutana kisimani.

Ndaki alijua pale palipokatika. Mwaka juzi paliota ufa wa urefu wa kidole, na ni yeye aliyepewa kazi. Fundi anayejitambua hutoboa kwanza tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, ndipo anachomelea. Lakini Yasini alikuwa amesimama pale pale akitaka gari. Ndaki alichomelea juu juu, akafunika na bamba la chuma, akalibana kwa ribiti kumi na mbili, vipini vya chuma vinavyogongwa pande zote mbili. Gari likatoka jioni ile.

Sasa bamba lilikuwa limepinda, ila bado limeshikilia vipande viwili, na hakuna aliyeona chini yake.

Alianza asubuhi. Alisaga kichwa cha kila ribiti kwa grenda mpaka kikawa sawa na bamba, akatia alama katikati, akatoboa kwa drili, kisha akaisukuma nje kwa panchi na nyundo. Nne za kwanza zilitoka vizuri. Ya tano ilikuwa imeshikana na kutu. Jino la drili likavunjikia ndani, ikabidi aikate kwa tindo. Makali ya chuma yalimchana kiganja. Akakifunga kwa kitambaa, akaendelea. Vumilia alikuwa anamenya viazi vitamu pale jikoni.

Adhuhuri ribiti ya mwisho ilidondoka. Ndaki akalibandua bamba.

Ufa wa kidole ulikuwa umekua karibu kuumaliza mhimili wote wa upande ule. Kuta zake zilikuwa na kutu nyekundu, ya siku nyingi. Kipande kidogo tu cha mwisho kiling'aa, na hicho ndicho kilichokatika siku ya ajali. Alichuchumaa, akakipitishia kidole mara mbili.

"Umeona nini?" Vumilia aliuliza.

"Fremu ilikuwa imekatika zamani. Amosi hakuendesha vibaya."

"Aliyefunga hilo bamba ni nani?"

"Mimi."

Vumilia aliweka kisu chini.

"Kamwambie baba," alisema. "Usinitume mimi."

Kesho yake Ndaki alipanda basi la Rwamgasa, bamba likiwa kwenye mfuko wa salfeti. Mkwewe, Mzee Donatus, alimpokea uani. Aneth alileta kigoda, lakini Ndaki hakukikalia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alieleza yote, hata lile tundu ambalo hakulitoboa. Mzee aligeuzageuza bamba mikononi.

"Kwa hiyo mwanangu hakuua mtu."

"Hapana, baba."

"Basi umeua wewe. Wawili."

Mzee alimwamuru aongozane na Aneth hadi kwa Paskazia, mama wa yule mchimbaji, akayarudie hayo hayo. Akayarudia amesimama mlangoni. Paskazia hakumtazama hata mara moja. Alipomaliza, yule mama aliinuka, akamshika Aneth mkono, wakaingia ndani. Ndaki alibaki nje na wanaume wa nyumba ile, na hakuna aliyemwambia kaa au nenda.

Aliporudi Kahama aliandikisha maelezo polisi. Waliandika namba yake ya simu, mpaka leo hawajampigia. Yasini aliichukua fremu, akaipeleka kwa fundi mwingine, na mwezi uliofuata gari lilikuwa barabarani. Ndaki alimtafuta dereva mpya, akamsihi asikubali kulipakia mzigo. Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akawasha gari.

Siku hizi Ndaki anachomelea madirisha na milango tu. Vumilia alikwenda kwao kumsaidia Aneth kulima, akasema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yamepita. Jumapili hupiga simu, humuuliza mumewe kama amekula, na Ndaki humjibu kwamba amekula.